Matundu Mawili Katika Kila Mguu

Nadovu, Mto Rewa,
Fiji.
12 Februari 2019

Mpendwa Shangazi Vasemaca,

Shikamoo. Hujambo huko Auckland? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Sisi tu wazima, isipokuwa Baba. Tangu kiharusi kimlaze mkekani, hawezi hata kujigeuza.

Shangazi, naogopa. Mimi niliyepanda juu ya meza chuoni Suva nikahutubia mbele ya virungu vya askari, leo naogopa mbao za kitanda! Mto unajaa. Mwaka jana maji yaliingia ndani hadi magotini. Alalaye sakafuni asiyeweza kuinuka atasalimikaje?

Niliazimia kumtengenezea kitanda. Baba akakataa katakata: hatalala juu kuliko kaka yake, mkuu wa kijiji, ambaye akija huketi mkekani. Nikahutubu kuhusu haki ya uhai, akafumba macho. Hatimaye tukapatana. Kila mguu niutoboe kwa patasi matundu mawili ya kupokea ndimi za mbao za ubavuni: la chini kwa siku za heshima, la juu kwa siku za maji. Lakini kila tundu hula nguvu ya mguu, na mbao zenyewe zilikuwa mbichi. Jana, nilipokuwa nikigongea kabari katika tundu la juu, mguu mmoja ukapasuka.

"Nani anavunja nyumba humu?" Baba Mkubwa Apenisa aliuliza mlangoni. Nikamweleza yote.

Akamgeukia Baba. "We mdogo wangu, unataka ufe maji ili mimi nionekane mrefu?"

"Ni desturi, kaka," Baba akanong'ona.

"Desturi haijui kuogelea! Litiana, ziba hayo matundu ya chini. Nikija nitaketi humo humo kitandani. Nawe usogee, bwana, umenenepa kwa kulala!"

Nimechonga mguu mpya wenye tundu moja, na mingine mitatu nimeiziba kwa vipande vya mbao na gundi. Baba sasa yuko juu. Maji yamefika uani, na kila kiungo cha kitanda kikilia, nakimbilia kukikagua. Baba Mkubwa yuko kando yake na amekataa kuondoka. Asema kitanda kikivunjika, wataanguka pamoja.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie binamu Taniela na mkewe. Mungu awafunike kwa rehema zake huko mliko. Nawe ukipiga magoti, uitaje miguu hii minne.

Wako akupendaye,
Litiana