Maneno ya Mwisho ya Ashiraf

Bwera,
Jumatatu asubuhi.

Kwa dada yangu Mastula,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Kilembe, wewe na mwanao Nasifah. Je, kifua chake kimepona? Nilisikia mto ulifurika tena, nikamwomba Mungu maji yasifike kwenu. Huku Mama anakusalimu sana. Goti linamsumbua, lakini bado analima karanga zake mwenyewe na hataki kusaidiwa.

Umeniuliza mara mbili kwenye simu kwa nini nimekonda, na kwa nini sikuja kwenye dua ya mwaka ya marehemu mumeo Ashiraf. Nilikujibu ovyo. Leo nakujibu sawasawa, na naandika kwa sababu kwenye simu ningekata katikati.

Mimi ni mgonjwa, dada. Ni sukari, lakini si kama ya marehemu Baba. Yake ilipanda, yangu hushuka. Nikila vitu vitamu au wali mwingi, mwili huikimbilia ile sukari kwa pupa, na baada ya saa mbili au tatu inaanguka kupita kiasi. Mikono hutetemeka, jasho baridi hunitoka, macho huona ukungu, kisha akili huondoka. Siku moja pale Mpondwe wenye maduka walisema nimelewa, mimi mtoto wa Hajati.

Basi sasa naishi kwa kutazama saa. Nakula kidogo kila baada ya saa tatu, hata kama sina njaa: yai, maharage, au samaki na kipande kidogo cha bundu, ule ugali wetu wa muhogo. Chai nainywa bila sukari, soda nimeiaga. Ncha za vidole zimejaa matundu ya kipimo. Kwenye harusi ya binamu yetu Shamira nilikataa juisi na nikagusa pilau kidogo tu, wakasema nina maringo. Ramadhani iliyopita daktari alinikataza kufunga. Nilikula maharage mchana, peke yangu nyuma ya nyumba, nikiwasikia watoto wa madrasa wakisoma, na nililia.

Gari siendeshi tena. Nauza maharage sokoni, na karibu nami anakaa Ruben, yule fundi Mkongo wa Butembo aliyetengeneza breki za pikapu yangu. Unajua yaliyompata. Baada ya ajali iliyomchukua Ashiraf niliwaambia polisi na ukoo wote kwamba breki zilikatika, na gereji ikamfukuza. Siku hizi anaziba matairi ya baiskeli kando ya njia.

Mwezi uliopita nilichelewa kula nikaanguka katikati ya magunia. Ruben ndiye aliyeniinua. Alininywesha maji ya sukari, akanilisha yai, akangoja mpaka nikaweza kutaja jina langu. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote:

“Badiru, ile breki nilifunga na mikono yangu, ilikuwa muzuri. Ile siku ya ajali ya Kyarumba, ulikuwa hivi?”

Nilimjibu ndiyo.

Dada, niliujua ugonjwa huu miezi minne kabla ya ajali. Daktari aliniambia nikianza kutetemeka nisimamishe gari, nile, ningoje. Nilificha, kwa sababu nani atampa dereva anayezimia kahawa yake aibebe? Asubuhi ile nilikunywa chai ya sukari nyingi kwa mandazi, nikaongeza soda. Tulipomaliza kupakia kahawa Kyarumba, saa tatu zilikuwa zimepita. Kwenye mteremko mikono ilianza. Ashiraf alinitazama.

“Badiru, unatoka jasho. Simama tupumzike.”

Nilimwambia tutasimama tukifika chini, Kisinga. Akanisihi tena nisimame. Nilimkaripia kwamba gari ni langu. Aliweka mkono wake juu ya usukani, karibu na wangu. Kona siikumbuki. Nilipozinduka, kahawa ilikuwa imemwagika kila mahali, na yeye alikuwa kimya.

Matangani uliniuliza alisema nini mwisho. Nilikuambia alikuwa amelala, hakujua lolote. Mwaka mmoja na nusu watu wamekufariji kwa maneno hayo, na wewe umemfariji mtoto kwa hayo hayo. Hakuwa amelala, Mastula. Alikuwa akiniomba nisimame.

Ijumaa nilikwenda polisi pamoja na Ruben, nikaandika maelezo mapya. Wameniambia nirudi Alhamisi, na huenda wasiniachie. Mwenye gereji alisikia yote, ila bado hajamwita Ruben kazini. Mama nilimweleza Jumamosi. Tangu siku hiyo hajasema nami neno, lakini kila baada ya saa tatu nakuta yai langu limefunikwa kwa sahani.

Siombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kuja kunitukana, njoo, nitakaa nikusikilize mpaka umalize. Ukitaka usinione tena, hiyo pia ni haki yako. Ninachoomba ni hiki tu: Nasifah akikua, mwambie baba yake aliiona hatari kabla yangu, na alisema kwa upole.

Wasalimie wakwe zako wote na majirani. Nasifah naye mpe salamu, kama bado unataka ajue kwamba zinatoka kwa mjomba wake.

Ni mimi, ndugu yako wa tumbo moja,
Badiru