Mdundo wa Hatibu

Nyahanga, Kahama

Kwako mwanangu Telesphori,

Marahaba, baba, maana najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia. Hujambo lakini? Kifua je, na hilo vumbi la Rwamgasa? Sisi wazima, mahindi yametoka vizuri, ila mimi usingizi siupati. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nimeshika kalamu na darasa langu la tatu hili, utanisamehe. Barua anakuletea Marcel, yule anayepeleka mchele huko.

Mwanangu, ile biti ya rege mliyoimbia studio kwa Hatibu kabla hujaondoka imeenea mji mzima. Bajaji zote ni hiyo. Mdundo ukianza tu natoka mbio barabarani, najua ni wewe. Inaingia sauti ya mwenzako Chausiku. Narudi. Inapita bajaji nyingine, mdundo ule ule, natoka tena, kumbe Abdulwahab. Huku nyuma maandazi yanaungua. Jirani yetu Vumilia ananicheka, eti Mama Telesphori siku hizi unauza mkaa wenye sukari.

Basi nikasema hawa wamekuibia wimbo. Nikaenda kwa Hatibu na mwiko mkononi, nikamwambia arudishe mali ya mtoto wangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanieleza kwamba hakuna aliyeiba, Wajamaika ndivyo wafanyavyo, mdundo mmoja, waimbaji wengi, kila mtu na maneno yake, halafu wote wanawekwa kwenye albamu moja. Nikaelewa. Ni kama bugobogobo shambani, ngoma moja, waimbaji wanapokezana. Akanipigia wimbo wa kwako. Unasema mama ningoje, narudi na dhahabu. Hee, ng'wanawane, mwanangu! Nililia pale studio kama mtu wa msiba.

Tangu hapo ndiyo ikawa mbaya zaidi. Redio ikasema duara, shimo la dhahabu, limefukia watu huko Geita, majina hawakutaja. Bado nimesimama na redio, bajaji ikapita, sauti yako hiyo, umechangamka. Watu wananipongeza, mimi nageuza stesheni nikitafuta majina. Sikujua ninayemsikia ni mzima au marehemu, mpaka mume wa Philomena aliporudi kutoka huko akasema amekuona karashani mnaposaga mawe, umekonda, na umemwambia hurudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa nikuambie nililofanya, usije ukalisikia kwa watu. Nimerudi kwa Hatibu nikamwomba akutoe. Alikataa, akasema albamu bila wewe itapwaya. Nikampigia magoti, mama mzima. Akakubali shingo upande. Albamu itakayokwenda Mwanza baada ya Pasaka haina wewe, nafasi yako anaingia Hosiana wa kwaya. Hata madereva wa bajaji nimewabembeleza wakufute, wakanihurumia. Hatibu anasema ukija mwenyewe kabla ya Pasaka atakurudisha. Mimi siwezi, mwanangu, sauti ipite mlangoni kila saa na mwenye sauti hayupo.

Najua umekasirika. Unasema mama ameniharibia. Kasirika, baba, una haki. Lakini hasira hiyo usimpe Marcel aniletee. Njoo nayo mwenyewe, unigombeze hapa hapa jikoni, nikusikie mpaka uchoke. Dhahabu sikuulizi.

Dada yako Monika anakusalimu, na Vumilia pia, pamoja na maneno yake. Mungu akushike mkono huko chini.

Mimi mama yako,
Suzana