Kwa Nini Nimebaki na Darasa la Smithfield

Fairfield, Sydney
Baridi inaelekea kuisha

Dada yangu Yustina,

Kwanza nikuulize wewe: kifua kimepona? Jumapili sauti yako ilikuwa bado nzito, na ulipokohoa ukasingizia vumbi sikukuamini. Na Baba, mguu unamruhusu kwenda kanisani mwenyewe, au bado shemeji anampeleka kwa pikipiki? Mimi ni mzima. Barakoa nimeizoea hata nikiivua najiona kama nimesahau nguo.

Najua utashangaa kupata bahasha wakati tunaongea kwa simu kila wiki. Lakini kwenye simu kila ukiniuliza habari za kazi ya mjini nageuza maneno, nakuuliza bei ya maharage hapo Kasulu. Safari hii nataka nikueleze lote bila kukatizwa, nawe usome taratibu, kisha unikasirikie ukitaka.

Ni kweli kile chuo cha katikati ya jiji kilinipa kazi. Sikukudanganya. Walinihoji kwa video, wakanipenda, wakanitumia mkataba wa kudumu. Kazi yenyewe ni kufundisha vijana wanaotaka kuingia chuo kikuu. Kiingereza wanakijua tayari, wanataka kukinoa wapite mtihani. Kwa kuwa mipaka imefungwa, wengi wao wako kwao, kila mmoja chumbani kwake, na mwalimu anawaona kwenye kioo cha kompyuta. Kwa mwalimu mpya kama mimi, mwenye cheti ambacho wino haujakauka, ni bahati kubwa. Najua ulimwambia Baba, na Baba akawaambia watu wa jumuiya.

Kazi ya pili niliyopewa ni lile darasa la Smithfield nililofanyia mazoezi ya kufundisha. Liko katika ukumbi wa kanisa, nyuma ya maghala, na wanafunzi wake ni watu wa viwandani, wafagiaji na kina mama. Mkataba wake ni wa muhula mmoja mmoja, na saa zenyewe chache. Serikali ilipofunga eneo letu kwa sababu ya korona, tukaambiwa tusitoke nje ya mtaa ila kwa shida maalumu, ukumbi ukafungwa na darasa likahamia kwenye simu.

Humo darasani yumo mama mmoja Mrundi, Bibi Sesilia. Dada, siku ya kwanza aliposikia natoka Kasulu alisimama katikati ya somo. Aliishi kambini kule kwetu miaka mingi kabla ya kuletwa huku, na soko letu analijua kuliko mimi. Alinisalimia kwa Kirundi, nikamjibu kwa Kiha, akacheka mpaka akafuta machozi. Toka siku hiyo akiniita mwalimu ananiita kama mtu anavyomwita mwanawe. Anaishi Villawood na bintiye Godelive pamoja na wajukuu watatu. Mkubwa wa wajukuu ni Aline, ana miaka tisa. Watoto wanasikia Kiswahili vizuri, ila ukiwasemesha wanajibu kwa Kiingereza. Ndiyo maana Bibi alikuja darasani. Aliniambia, "Nataka siku moja nigombane nao nikielewa wanachonijibu."

Godelive anahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Ugonjwa ulipoingia pale, naye ukamshika. Siku chache baadaye pumzi ikambana, wakaja kumchukua kwa gari la wagonjwa. Bibi na watoto wakazuiwa kutoka ndani. Kwa kuwa mimi naishi jirani, nikawa napeleka unga, maharage na mafuta, naviacha mlangoni, narudi nyuma hadi kwenye majani, Bibi anafungua na kuvivuta ndani.

Hospitali ilikuwa inapiga simu kila mchana kutoa habari za mgonjwa. Mkalimani wa Kirundi au wa Kiswahili hupatikana kwa kubahatisha. Basi simu ikilia anapokea Aline. Anasikiliza, anasema "yes, yes, okay", halafu anamweleza bibi yake.

Mchana mmoja Bibi alinipigia. Hakunisalimia.

"Mwalimu, hii mtoto imenidanganya."

"Nani, Bibi?"

"Aline. Simu ilikuja, akasikiliza sana. Nikamuuliza, wamesemaje? Akasema, Mommy is fine, yaani mzima. Halafu akaenda akakaa ndani ya kabati la nguo za mama yake, akafunga mlango. Mtu akiwa fine, mtoto anaingia kabatini?"

Nikaomba niongee na Aline. Alikuja kwenye simu, akaninong'oneza kwa Kiingereza kwamba muuguzi alimwambia mama yake amezidiwa, wamemlaza usingizi, mashine inapumua badala yake. Kisha akanisihi nisimwambie bibi yake: "Please don't tell Bibi. She will cry." Muuguzi yule alikuwa na haraka, pengine hakujua anaongea na mtoto. Simlaumu.

Nilimwambia Bibi ukweli. Sikuwa na njia nyingine. Akasema, "Alinionea huruma, mwalimu. Mtoto wa miaka tisa ananionea huruma mimi. Sitaki tena. Habari za binti yangu nitapokea mimi. Nifundishe."

Dada, hapo nilikuwaza wewe. Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki kitu. Baba ndiye aliyenisimulia kwamba Mama alipougua, wewe ndiwe uliyekwenda naye hospitali kwa sababu Mama alijua Kiha tu na daktari alijua Kiswahili tu. Daktari akakwambia wewe. Ukabaki na maneno yale mdomoni, ukiwa mkubwa kuliko Aline kwa mwaka au miwili, na ni wewe uliyetakiwa kuyageuza ili Mama ayasikie. Hujawahi kuniambia uliyageuzaje. Sikuulizi. Lakini nilipokuwa nimeshika simu jikoni kwangu niliona ni kama naombwa kufanya jambo ambalo hapakuwa na mtu wa kulifanya siku ile.

Kesho yake asubuhi nikaenda Villawood. Kwa simu peke yake asingeweza kuona midomo yangu, na mlangoni sikuruhusiwa kusogea. Basi nikasimama kwenye majani nje ya dirisha la sebule, yeye akakaa ndani, nyuma ya kioo, kila mmoja na simu yake sikioni. Nikavua barakoa ili aone mdomo. Nikamwambia sentensi ya kwanza ni hii: "I am her mother", yaani mimi ndiye mama yake.

"Ayamu ha maza," akasema.

"Umekaribia, Bibi. Lakini weka ulimi kati ya meno. Mother."

"Meno gani, mwalimu?" Akafungua kinywa kunionyesha. Watoto nyuma yake wakaangua kicheko, naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kucheka tangu Godelive aondoke.

Hatukusoma sarufi. Tulisoma maneno ya kumtosha yeye: niambie mimi, sema polepole, anapumua mwenyewe? Tukasoma maneno matatu ambayo lazima ayatofautishe hata usingizini: "better", yaani nafuu, "same", vilevile, "worse", amezidiwa. Neno la tatu alilisema upesi upesi, kama kitu cha moto. Nikamwambia, "Bibi, hilo ndilo ulisikie vizuri kuliko yote." Akaniangalia kupitia kioo, akalirudia polepole mpaka likakaa.

Helikopta ya polisi ilikuwa ikizunguka juu, na askari wa jeshi wakipita mtaani kukagua watu. Mmoja aliniuliza nafanya nini pale nimesimama mbele ya dirisha la watu. Nikamwambia nimeleta chakula, nami nafundisha. Akatazama dirishani, Bibi akampungia mkono. Akaenda zake.

Siku ya tatu ya masomo yetu simu ya hospitali ililia somo limekwisha, mimi bado niko nje. Nilimwona Aline akinyoosha mkono kama kawaida. Bibi akauondoa mkono ule, taratibu, akapokea. Sikusikia aliyoambiwa, lakini yake niliyasoma midomoni. "I am her mother. You tell me. Slowly." Akasikiliza amefumba macho. Akauliza neno moja moja, kama mtu anayepita juu ya mawe mtoni: "Better? Same? Worse?" Akangoja. Kisha akasema "thank you", akaweka simu chini, akawageukia wajukuu.

Baadaye alinieleza aliyowaambia: "Mama yenu yuko vilevile. Amelala, anatunzwa. Sasa tule."

Aline alikula, Dada. Bibi aliniambia kwamba alikula sahani mbili, akalala hapohapo kwenye kochi mchana kweupe.

Chuo cha mjini kilikuwa kinangoja jibu wiki hiyohiyo. Nikampigia mkuu wa walimu nikamwambia nashukuru lakini sitakuja. Ni mama muungwana, aliniuliza kama nimepata pazuri zaidi. Nikamjibu nimepata pengine. Otieno, yule Mkenya ninayekaa naye, anayesomea uuguzi, alishika kichwa. "Buda, uko sawa kweli? Watu wanatafuta job ya tao kama hiyo miaka na miaka, wewe unaiachilia ukafunze masosi kwa dirisha?" Tao ni mjini, na masosi ni kina mama, kwa Kiswahili chao. Kesho yake nilimkuta anapika chapati za kupeleka Villawood.

Kila mwisho wa wiki nitaendelea na kazi yangu ya zamani ya kuhudumia wazee kule Ingleburn ili nijikimu. Sijui muhula ukiisha itakuwaje. Sina hakika hata kama nimefanya la busara. Ninachojua ni kwamba wale vijana wa chuo watapata mwalimu mwingine, na huenda akawa bora kuliko mimi. Kwa Baba nitaeleza mwenyewe. Wewe nisaidie tu kumwambia asiniombee radhi kwa watu, kwa maana mwalimu nimekuwa.

Lakini sijamaliza habari ya Godelive, nawe najua umeshaanza kuruka mistari kumtafuta. Ilifika siku Bibi akasikia "worse". Alinipigia akaniambia neno hilohilo, kwa Kiingereza, bila kuongeza. Hakuwaambia watoto mpaka walipomaliza masomo yao, kisha akawakusanya akawaambia mwenyewe, wakasali. Zikapita siku nzito. Halafu "same". Tena "same". Halafu mchana mmoja akanipigia akipiga kelele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio: "Better, mwalimu! Na nimeuliza mara mbili!"

Amerudi nyumbani juzi. Karantini ya nyumba ile ilikuwa imeisha, kwa hiyo nilisimama nao uani nikiwa na barakoa yangu. Amekonda, anatembea kama bibi harusi, hatua ndogo ndogo. Muuguzi aliyemsindikiza alishuka na mfuko wa dawa, akatafuta wa kumweleza, macho yakamwangukia Aline, kama ilivyo kawaida ya watu wote hapa. Akaanza, "Sweetheart, can you tell your grandma..."

"Tell me," Bibi akasema. "I am her mother."

Muuguzi akageuka, akaanza upya, polepole, akimwonyesha kidonge kimoja kimoja, na Bibi akiitikia kwa kichwa. Aline hakusikiliza hata neno. Alikuwa ameng'ang'ania gauni la mama yake kwa mikono yote miwili, analia kwa sauti, bila haya, kama mtoto.

Nisalimie Baba, umshikie mkono kwa niaba yangu. Msalimie shemeji na pikipiki yake. Wapwa zangu wote waambie mjomba anawakumbuka, na yule mdogo asiyelala bila kuimbiwa muimbie na wimbo wangu. Mama mdogo wa pale ng'ambo ya barabara mwambie shuka aliyonipa ndiyo inayonifunika huku kwenye baridi. Na wewe, Dada, kunywa dawa ya kifua, uache kusingizia vumbi.

Mdogo wako akupendaye,
Elia