Karatasi Niliyoikatia Kola

Mwanangu kipenzi,

Mimi mzima, ila mguu wa kukanyagia cherehani unauma. Shangazi yako anasema umekonda kwenye picha. Mwache, kwake kila mtu amekonda.

Juzi ulinipigia ukilia kwa furaha, kwamba daktari amekuambia una usonji na umeshapata wenzako wa hali hiyo. Nikakukatiza: "Usijiite hivyo, wewe huumwi." Ukasema: "Mama, si ugonjwa, ni namna ubongo wangu ulivyoumbwa, ni mimi. Miaka yote nilidhani ni jeuri tu." Nikasingizia mteja kaingia. Hakukuwa na mteja.

Neno hilo si geni kwangu, mwanangu. Ulipokuwa na miaka saba daktari wa watoto alinipa karatasi yenye neno hilo. Kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, mwalimu wako akanisomea. Nikaogopa watu watakucheka. Karatasi ilikuwa ngumu, nzuri, nikaifanya kipimo cha kukatia kola. Sare za nusu ya mtaa zimekatwa kwa karatasi hiyo yenye jina lako. Na ulipoziba masikio cherehani ikinguruma, nilikuchapa, nikakuita jeuri, hali najua.

Leo mama mmoja kaja kupunguziwa gauni, akauliza, "Yule binti yako mwenye maringo, asiyesalimia watu, hajambo?" Nikamjibu, "Hana maringo. Ana usonji."

Sikuharakishi kunisamehe. Ukitaka kunigombeza, piga simu, nitasikiliza mpaka umalize.

Ni mimi mama yako,
niliyejua.