Wimbi Usilolipigia Simu

Bel Anse,
Carriacou.
17 Septemba

Mpendwa Kaka Alban,

Hujambo wewe, shemeji Yolande na watoto? Baridi ya Toronto imeshaanza kuwauma? Mimi nipo, ila mkono wa kushoto una bandeji. Simu zimekatika kisiwa kizima, ndiyo maana nakuandikia. Jirani yetu Cosmos ataipeleka barua Grenada kwa boti.

Kaka, kaa kitini kwanza. Mama hatunaye. Amekwenda na kimbunga cha Jumanne.

Najua utauliza kwa nini hakwenda kujihifadhi shuleni na wenzake. Ngoja nikwambie.

Unakumbuka mwaka jana? Kila wimbi la mawingu likichomoza pwani ya Afrika, huko vimbunga vyetu vinakozaliwa, wewe huyo, umeliona kwenye kompyuta yako, unampigia Mama. Mara kumi na moja alifunga Biblia kwenye taulo, akamkwapua kuku wake, akapanda kilima hadi shuleni. Mara kumi na moja jua likawaka. Cosmos akawa anamvizia barabarani: "Mama Idona, leo unahamia wapi tena? Na huyo kuku ana pasipoti?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Ndipo mwezi Juni mwaka huu nikakupigia, nikakufokea: "Tuondolee balaa! Unampigia Mama kwa kila kiwingu!" Ukasema, "Haya, Ismay, sipigi tena." Katika ahadi zako zote, hiyo ndiyo uliyoitimiza. Hongera.

Mama sikumwambia.

Jumatatu redio ilipiga kelele za kimbunga kutwa nzima. Cosmos mwenyewe alikuja na gari lake, mzaha umemwisha. Mama akagoma. "Alban hajapiga. Ingekuwa kitu, mwanangu angepiga." Nilimbembeleza, nikamvuta, hata nikamtukana. Akasogeza kiti, akaketi kando ya simu. Nilikupigia mara mbili, ikaita tu.

Neno moja lingemwinua pale kitini, kwamba mimi ndiye niliyekukataza. Niliona aibu, Kaka. Mbele ya Cosmos, niliona aibu. Nikasema acha niwafikishe wanangu shuleni, nikirudi nitamwambia tukiwa wawili. Upepo haukuniruhusu kurudi.

Jumatano tulifukua mabati, ndipo nilipoumia mkono. Simu ilikuwa mapajani mwake.

Tumemzika juzi, kando ya Baba. Kwa desturi yetu, kumwaga maji na pombe ya ramu kaburini ilikuwa kazi yako, wewe kifungua mimba. Nimemwaga mimi, kwa mkono mmoja. Kuku wake yu mzima, anataga kwa Cosmos.

Shangazi Philomene anakusalimu, yeye na macho yake yaliyovimba. Msalimie Yolande, uwabusu watoto. Mungu awafunike huko mliko.

Redio inasema wimbi jingine la mawingu limetoka Afrika jana. Simu zikirudi, nipigie, Kaka. Nipigie hata kama ni kiwingu tu.

Mdogo wako akupendaye bado,
Ismay