Vibamba Kumi Kulia, Tisa Kushoto

Jumapili, 11 Januari

Jeep inalala upande! Nimeiona leo baada ya misa, kwenye saruji ya uwanja wa parokia. Nyumbani, mtaani Murara, nilikuwa nasingizia mawe ya volkano, maana kwetu hata meza haisimami sawa. Lakini saruji haidanganyi. Upande wa kushoto, wa dereva, umeshuka vidole vitatu. Jeep ya marehemu mume wangu, ya mwaka 1968! Miezi minane ya kuifufua, rangi mpya, viti vipya, halafu inainama kama mtu mwenye jino bovu.

Na safari ni Jumamosi. Tunakwenda Rutshuru kumwombea mwanangu Olivier mchumba, Bénie. Onésime ndiye atakayetusemea mbele ya wajomba wa binti. Fundi wa jeep ni yeye, msemaji wetu ni yeye. Marehemu hakuwa na rafiki mwingine kama huyo.

Onésime alikuwepo kwenye misa. Viatu vipya. Hakuitazama jeep hata mara moja. Fundi gani haitazami kazi yake?

Jumatatu, 12 Januari

Nimemwita. Amezunguka jeep, amekuna kidevu. Anasema huenda ni springi za nyuma, niiache garajini kwake siku mbili aziangalie. Niiache! Ili afanye nini nisipokuwepo? Nimejibu kwamba nitafikiri.

Miaka ishirini nauza jibini ya Masisi. Naihesabu ikipakiwa, naihesabu ikishushwa. Ndivyo nilivyo, na sijutii.

Jumanne, 13 Januari

Nimejilaza chini ya jeep mwenyewe, na tochi ya simu. Springi ni vibamba vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Nimevihesabu. Kulia kumi. Kushoto tisa. Nimerudia, kidole juu ya kila kimoja. Tisa!

Springi hizo nilizifuata mwenyewe mpaka Kisoro, Uganda, kwenye jeep kuukuu ya aina hiihii iliyokuwa inakatwakatwa. Nilisimama palepale zikifunguliwa. Nikaziandika kwa rangi nyeupe: G, gauche, ya kushoto. D, droite, ya kulia. Vibamba sikuvihesabu siku ile, lakini springi za gari moja si hulingana? Kwa hiyo kibamba kimetolewa baadaye, na najua ni mkono wa nani. Pale garajini kuna jeep nyingine, ya kijani. Imesimama sawa kabisa, ile!

Jumatano, 14 Januari

Nimekwenda garajini. Sikusalimia. Nimemwambia Onésime mbele ya wateja wake: rudisha kibamba changu. Akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole.

"Mama Olivier, kama miye niko mwizi, mutafute mutu mwingine wa kuwasemea Rutshuru."

Akaingia ndani.

Vizuri! Mwizi atatuombeaje binti wa watu?

Alhamisi, 15 Januari

Lakini nani atatusemea? Shemeji ana kigugumizi. Katekista amesafiri, yuko Sake. Mjomba mkubwa wa Bénie ni mtu wa kutega maneno — mwaka jana aliwarudisha wageni na kreti zao za bia hazijafunguliwa, kwa sababu msemaji wao alikosa jibu. Onésime hakosi. Anakohoa mara mbili, anasimama, na hata wabishi wanatulia.

Olivier hanisemeshi tangu jana. Asubuhi hii tu: "Mama, umeua ndoa yangu juu ya chuma."

Ijumaa, 16 Januari

Mungu wangu.

Olivier alikuwa anafuta picha za zamani kwenye simu yangu. Akanionyesha moja. Ni mimi, Kisoro, ndani ya ile jeep kuukuu, nacheka, mikono kwenye usukani. Usukani uko kulia! Uganda dereva anakaa kulia, kwetu kushoto.

Yote yakanirudia. Siku ya kufunga springi, Onésime alisema: "Acha nipime kwanza, mama. Ile ya nguvu inakwendaka upande wa shofere, juu yeye hatokake mu gari." Yaani dereva yumo garini siku zote, upande wake ndio unaobeba zaidi. Nami nikamkata: weka vile nilivyoandika, G kushoto, D kulia. Akasema sawa, gari ni yako. Kibamba cha kumi hakikuibwa. Nilikipeleka upande wa abiria kwa rangi yangu mwenyewe.

Fundi wa jirani amezibadilisha, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Tumerudi kwenye saruji ya parokia. Jeep imesimama sawa. Sikufurahi. Aibu tupu.

Saa kumi jioni nilikuwa kwa Onésime. Joviale, mke wake, akasema kupitia tundu la geti kwamba muzee amelala. Saa kumi! Na nilikuwa nasikia nyundo yake inagonga huko nyuma.

Jumamosi, 17 Januari

Naandika ndani ya jeep, mbele ya geti la Onésime. Nimevaa mushanana, vazi langu la sherehe. Kreti ziko nyuma, Olivier ndani ya suti analoa jasho.

Niligonga. Joviale akatoka peke yake.

"Muzee anasema uhesabu vile vyuma. Hapa, kwa sauti, watu wasikie, vile walisikia kule garaji."

Nimepiga magoti kwenye changarawe nyeusi, na mushanana yangu. Kushoto, moja mpaka kumi. Kulia, moja mpaka tisa. Majirani wakasimama, wengine na ndoo zao za maji. Nikapaza sauti: "Ni miye nilikosa! Hakuna kitu kilipotea kwa Onésime!"

Joviale alisikiliza mpaka mwisho, akarudi ndani, akafunga.

Saa mbili na robo. Wajomba wanatungoja saa tano. Olivier anatazama saa, mimi natazama geti. Bado limefungwa. Lakini sasa hivi, nyuma ya ukuta — Onésime amekohoa. Mara mbili.