Kila Mtu Ananikubalia

Mama Santa, nakusalimu kwa heshima, na shida yangu ni moja tu, kwamba hakuna mtu anayenikatalia, mimi nafanya kazi kwa tajiri mmoja hapa Koboko anayevusha sigara za magendo kutoka Kongo, na kazi yangu ni kuwatembelea wenye maduka wanaokataa kuziuza, nikishawatembelea huwa wanauza, sasa nimempenda Drateru, mwalimu wa shule moja ya Ediofe, nikaenda kwao kuposa, nimejiandaa kubishana juu ya ng'ombe kama wanaume wengine, lakini baba yake, Mzee Ondoga, hata kukaa hakukaa, alisema, "Mahari wacha tu, mwanangu. Mtoto iko yako," na watu wote wakacheka utani wangu kabla sijaumaliza, halafu kaka yake, Ezati, akanipa chai kwa mkono wa kushoto, nikachukia dharau ile mpaka nikakumbuka kwamba wake wa kulia niliuvunja mimi mwenyewe mwaka juzi alipokataa kuuza sigara, naye akasema, "Karibu, shemeji," nikabaki na Drateru, nikamuuliza, "Unanipenda?" akajibu, "Ndiyo, bwana," na ndiyo hiyo naijua, Mama, ni ndiyo ya wenye maduka. Harusi ni mwezi ujao. Nitajuaje ukweli? Ujibu vizuri gazetini, ofisi yenu naifahamu. Jina langu litaje tu, sina adui.

Alionzi, Koboko

Alionzi, ofisi yetu hufunguliwa saa mbili asubuhi. Ukija, jibu ni hilihili.

Nakuonea huruma, maana kila mtu anatamani kupendwa, hata wewe. Lakini hukuposa, mwanangu. Ulitembelea duka. Drateru amekubali ili kaka yake abaki na mkono mmoja mzima, na hilo umeliandika mwenyewe, kisha unaniuliza mimi.

Wiki hii mtume shangazi yako kwa Mzee Ondoga, wewe usikanyage, akaseme posa imeondolewa na hakuna atakayeguswa. Aseme mara mbili; mara ya kwanza hawataamini. Kisha mwendee Ezati mchana, sokoni, mbele za watu, useme, "Nilikuvunja mkono, nimekosa." Usiseme ulitumwa. Asipokusamehe, itikia, uondoke.

Kazi ile iache. Tajiri wako naye ataleta mtu wa kukutembelea, kwa hiyo usikae Koboko kumngoja. Nenda Aroi, kodi shamba, lima mihogo misimu miwili. Drateru akija kukutafuta kwa miguu yake mwenyewe, oa. Asipokuja, utakuwa na mihogo.